Uongo Niliowaambia Darasa la Kwanza

Wenzangu wadogo mnaobaki na darasa la kwanza, Directeur, mkuu wetu wa shule, aliniomba niwaachie hotuba ya dakika tano siku ya kuniaga. Nilimwambia sijawahi kumaliza jambo lolote kwa dakika tano, hata kuwapanga watoto mstari kabla ya kuingia, kwa hiyo ninaandika. Vyeo sitavitaja. Vilikuwa viwili, na kimoja kilikuja na funguo za kabati lisilokuwa na mlango. Mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika juu ya woga, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyoifanya zaidi, ingawa kwenye karatasi zangu imeandikwa kusoma, kuandika na kuhesabu.

Nilianzia Masereka, kule juu ambako ukungu unaingia darasani kabla ya wanafunzi. Nilikuwa msichana aliyetoka shuleni juzi tu, na nilipewa watoto zaidi ya hamsini na ubao uliopasuka katikati. Siku ya kwanza mtoto mmoja alimwona mama yake akipotea kwenye kona ya njia, akaanza kulia. Wa pili akamfuata, kisha benchi zima, kisha darasa zima. Nilipiga makofi, nikaimba, nikatishia, na mwisho nikageukia ubao ili wasione kwamba na mimi ninalia.

Madame Rebeka, aliyefundisha darasa la pili upande wa pili wa ukuta, aliingia bila kugonga. Alikuwa na bakuli la maharagwe mabichi, akapita benchi kwa benchi akimpa kila mtoto punje moja.

"Shika hii muzuri," alimwambia kila mmoja. "Usiangushe. Nitakuya kuangalia."

Wakanyamaza. Ni vigumu kulia sana huku unalinda haragwe. Mmoja alilila lake, mwingine alilitia puani, na kulitoa lile la puani ndiko kulikokuwa tatizo kubwa la mwaka wangu wa kwanza. Wakati wa mapumziko Madame Rebeka aliniketisha nyuma ya darasa akanipa somo ambalo chuo hakikunipa.

"Uso ya mutoto inaweza kukudanganya," alisema. "Atakuchekea na ndani iko anakufa. Angalia mikono. Kama vidole vinakamata nguo, huyo anaogopa. Umupe kwanza kitu ya kushika, ndio umufundishe."

Tangu hapo nilisoma mikono kabla ya kusoma daftari la majina. Kule Masereka mikono ilieleza mambo madogo: baridi, mkaguzi, fimbo ya Directeur, mama aliyechelewa kurudi kutoka shamba la viazi. Mtoto akizoezwa polepole, woga wa namna hiyo unamwacha, na kila unapomwacha anatoka na nguvu kidogo zaidi. Nilidhani nimeshaijua kazi.

Nikaolewa, nikahamia Beni. Nilipata darasa la kwanza katika shule ya kanisa letu pembeni mwa mji, upande wa barabara inayokwenda Oicha. Miaka ya mwanzo ilikuwa ya joto na vumbi na maembe yaliyofichwa chini ya benchi. Kisha vita vikatufikia, mambo yakabadilika, na sitaeleza jinsi yalivyobadilika kwa sababu mliokuwako mnajua na ambao hamkuwako mlisikia. Nitasema tu kwamba walimu wanawake tuliacha kuvaa viatu vya kisigino. Kila mmoja alivaa kiatu cha kukimbilia, na hakuna aliyemwuliza mwenzake kwa nini.

Mwaka ule nilifanya kosa ambalo Mnande peke yake, mtu wa kabila letu, angelifanya. Kwetu jina la mtoto linasema amezaliwa wa ngapi. Masika ni msichana wa kwanza. Kasereka ni mvulana wa tatu, Kakule ni wa nne. Mwalimu akisoma jina la Kakule anajua mtoto huyo ana kaka watatu, na desturi yetu ni kumchangamsha mtoto mgeni kwa kuwauliza hao wakubwa. Kwa hiyo nilipompokea Kakule, mtoto wa miaka sita mwenye masikio madogo na mfuko uliotoboka, nikamwuliza mbele ya wote.

"Kakule, bakubwa yako beko wapi?"

"Kasereka iko mu darasa ya tatu."

"Na bale babili bengine?"

Vidole vyake vilikamata ukosi wa shati na kuuzungusha mpaka kifungo kikatoka. Jioni mama yake alinieleza. Wale wawili walikwenda kuvuna kakao upande wa Oicha. Hawakurudi. Tangu siku ile nilisoma majina na kunyamaza, na ninawaomba nanyi mfanye hivyo.

Kakule alimpenda baba yake kupita kiasi. Baba, Fundi Mbusa, alikuwa fundi wa kuezeka mabati, na Jumamosi Kakule alimbebea kopo la misumari. Ilikuwa fahari yake yote. Alikuja darasani na msumari uliopinda mfukoni, nikamnyang'anya. Wiki iliyofuata akaja na mwingine.

Siku ninayotaka kuwaeleza ilikuwa ya katikati ya wiki, karibu saa nne asubuhi. Tulikuwa tunaandika herufi ya "m". Mlio ulitoka kilimani: ta, ta-ta, kimya, ta-ta-ta. Chaki zote zilisimama. Mwanangu mwenyewe alikuwa shule nyingine ng'ambo ya barabara, na mawazo yangu yalikwisha kufika kule kabla sijageuka kuwatazama hawa walio mbele yangu.

Masika, aliyekaa mbele, alikuwa amekwisha kujikojolea. "Madame, ile ni nini?"

Mikono thelathini na zaidi ilikuwa imekamata nguo, benchi, mikono ya jirani. Nikaona nikisema kweli watapiga kelele, na wakipiga kelele mimi nitakimbia. Huo ndio ukweli wake. Niliogopa kelele zao kuliko nilivyowahurumia.

"Ni bafundi," nikasema. "Banapigilia mabati ya kanisa kule juu. Tuendelee. Andika m."

Kule juu kulikuwa kweli na kanisa linaloezekwa. Watoto waliniamini. Niliona vidole vikilegea kimoja kimoja, na aibu yangu kubwa ni kwamba nilijipongeza. Kakule alinyoosha mgongo akatabasamu, nami nikamtabasamia bila kujua anatabasamia nini.

Mlio ulitulia. Directeur alipita dirishani, akasema kwa sauti ya chini, "Madame, batoto barudi nyumbani sasa. Polepole, bila kukimbia, kila moja na mukubwa wake." Nikawatoa. Hapo ndipo kazi yangu ilikuwa kusimama mlangoni na kuona kila mtoto anashikwa na mkono wa nani. Nilisimama mlangoni, ndiyo, lakini macho yangu yalikuwa ng'ambo ya barabara nikimtafuta wangu. Wangu nilimwona. Wa wenzangu sikuwaona.

Haikupita nusu saa mama yake Kakule akaja mbio, leso imemteleza kichwani, na Kasereka nyuma yake analia.

"Madame, Kakule yangu iko wapi?"

"Si alikwenda na Kasereka?"

Kasereka alizungumza huku akimeza kamasi. "Alisema anaenda kwa tata, baba yetu. Alisema Madame amesema bafundi beko kule kanisani. Nilimukamata, akakimbia."

Na kilimani mlio ukaanza tena, safari hii mfululizo.

Wenzangu, nimezika wazazi, nimelala vichakani, lakini woga kama ule sikuupata kabla wala baada. Mtoto alikuwa anapanda kilima kuelekea kwenye bunduki, na alikuwa anapanda kwa furaha, kwa sababu mwalimu wake alimwambia kuna misumari ya kubeba.

Tulikimbia, mimi na mama yake. Kwenye kizuizi mwanajeshi kijana, aliyeletwa kutoka mkoa wa mbali, alinyoosha mkono. "Mama, zonga! Nzela ekangami!" Kwa Kilingala alitaka turudi, njia imefungwa. Nikamweleza kwa Kiswahili, nikaeleza tena, na sijui alielewa kiasi gani, ila neno mutoto alilielewa. Alitazama kilima. Alikuwa na woga naye. Kidole chake kilikuwa kinaukuna mkanda wa bunduki bila kupumzika.

"Mama, kule iko vita," akasema kwa Kiswahili chake. "Mukae hapa. Nitaita mukubwa yangu."

Tulikaa nyuma ya ukuta wa nyumba moja tangu saa tano hadi saa tisa. Tulichuchumaa mgongo kwa ukuta, na kila mlio ulipolia mama yule alitikisika mwili mzima, nami najua nilitikisika pia kwa sababu mabega yetu yalikuwa yamegusana. Nilimwambia, kwa kuwa kunyamaza kulinishinda, "Ni mimi nilisema ni bafundi."

"Najua," akasema. "Kasereka amesema."

Akanishika mkono, akaubana mpaka mifupa ikaniuma. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananifariji au anajizuia kunipiga.

Fundi Mbusa alifika kabla ya saa tisa. Hakuwa kilimani hata kidogo. Siku ile alikuwa mjini kati, amekwenda kuchukua mabati mengine. Alikuja akiwa mzima, na uzima wake ulituumiza, maana sasa tulijua kwamba kule kanisani mtoto hakumkuta mtu.

Alinitazama. "Madame, ulimutuma mutoto yangu kule."

Nilikuwa na majibu mengi tayari. "Ndiyo," nikasema.

Milio ilipokoma, wanajeshi walitupandisha, tukitembea mmoja nyuma ya mwingine. Kanisa lilikuwa na kuta nne na nusu ya paa. Mlangoni kulikuwa na kitu kilichofunikwa kitenge, tukakipita tukitazama upande mwingine. Ndani kulikuwa na mbao, ngazi, na rundo la mabati mapya kwenye kona. Fundi Mbusa aliita. Kimya. Aliita tena jina la mtoto. Mimi niliona mguu. Mguu mdogo wenye ndala moja, umetokeza chini ya rundo.

Nilidhani amekufa. Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi la saruji.

Baba aliyainua mabati moja moja, polepole, kama anaogopa la chini. Bati la juu lilikuwa na matundu mawili. Kakule alikuwa amelala kifudifudi, mikono imeziba masikio, suruali imelowa. Alikuwa anapumua. Baba alimnyanyua akamkumbatia, na mama akawakumbatia wote wawili, lakini mtoto hakulia wala hakuwashika. Alinitazama mimi juu ya bega la baba yake.

"Madame," akasema, "fundi hakukuwa."

Basi. Alichokiona pale mlangoni kabla hakijafunikwa, sikumwuliza, na hakuwahi kusema.

Wiki ile ile nusu ya mtaa wetu ilihama. Sisi tulipanda Butembo na magodoro juu ya gari, na kina Kakule walifuata siku mbili baada yetu. Shule iliyonipokea ilifundisha wenyeji asubuhi na wakimbizi mchana, kwa ubao ule ule. Mama yake Kakule alipokuja kumwandikisha, aliomba awekwe kwangu, aanze upya darasa la kwanza. Nilimvuta pembeni.

"Mama, kwa nini kwangu? Kuna Madame mwingine."

"Wewe unamujua."

"Na yeye anajua nilimdanganya."

"Basi wewe uliharibu," akasema bila hasira, "wewe utatengeneza."

Mnaijua Butembo. Mji huu haujawahi kuacha kujenga. Hata kwenye shida kuna mtu anaongeza chumba. Kuanzia asubuhi nyundo zinalia kila upande. Kwa mtoto yule kila nyundo ilikuwa bunduki, na kila bunduki, nadhani, ilikuwa nyundo. Mlio ukianza alikuwa chini ya benchi kabla sijageuza kichwa, mikono masikioni. Baba yake aliezeka nyumba za watu ili wale, na jioni akirudi na kopo la misumari mtoto alitoka nyumbani akakaa uani hata mvua ikinyesha.

Na hakuniamini kwa lolote. Nikisema mbili na mbili ni nne, alitoa vifuniko vya chupa mfukoni akahesabu mwenyewe. Nikisema kengele imelia, alichungulia dirishani kwanza. Siku moja nyundo ililia, nikapiga magoti kando ya benchi lake nikamwambia, "Kakule, hapa Butembo hakuna kitu." Alinijibu kutoka chini kule bila dharau, anaeleza tu: "Hata kule Madame alisema hakuna kitu." Usiku nililala macho wazi.

Wakati huo tulipata semina. Walikuja vijana wa heshima na bango lenye nyuso tano, kutoka uso unaocheka hadi uso unaolia, na kila mtoto alitakiwa kuonyesha uso wa moyo wake. Watoto wote, bila kuacha hata mmoja, walionyesha uso unaocheka. Vijana waliandika kwamba hali inatia moyo. Sikuwa na nguvu ya kuwaeleza kwamba mtoto wa shule zetu akionyeshwa vitu vitano anatafuta kile kilicho sahihi, na hata mtoto wa miaka sita anajua mgeni anapenda uso gani. Mikono yao, wakati huo huo, ilikuwa imekamata nguo.

Nilikwenda kwa Madame Rebeka. Alikuwa amezeeka, anaishi kwa binti yake huku Butembo, macho yamemfifia. Nilimweleza yote, hata ile habari ya kujipongeza. Alinisikiliza akiwa ameshika mikono yangu miwili magotini pake.

"Na wewe, unaogopa?" akauliza.

"Hapana, Madame. Niko tu nachoka."

"Vidole vyako vinasema ingine." Akavipapasa. "Mwana wangu, mutoto hatafute mutu mwenye haogopi. Hayuko. Anatafuta mutu mwenye kuogopa lakini anajua ya kufanya. Wewe ulimuficha woga, ukamuficha na ya kufanya. Umwambie kweli, kadogo kenye anaweza kubeba. Kisha umupe kazi."

Nililia pale kama siku ile ya Masereka, ila safari hii sikuwa na ubao wa kugeukia.

Hapo ndipo nilipoanza somo la Ijumaa, ambalo baadhi yenu mmelirithi mkidhani liko kwenye programu ya serikali. Haliko. Tulitoka uani, tukakaa chini, tukanyamaza, tukasikiliza. Kila mlio tuliupa jina lake: kinu cha kusaga, pikipiki, nyundo, mbuzi wa jirani, ngoma ya kwaya. Mlio usiojulikana, tulisema "hatujui", na hakuna aliyeruhusiwa kubahatisha, hata mimi. Kisha tulifanya zoezi la risasi, masasi kama watoto wanavyoziita, kwa jina lake, bila kulipamba: tunalala wapi, tunamshika nani, nani anafunga mlango. Wazazi wawili walilalamika kwamba ninawatisha watoto. Niliwaambia watoto wametishika tayari, mimi ninawaonyesha pa kulala.

Nilimwomba Fundi Mbusa aje na nyundo na ubao. Tangu siku ya kilimani hakuwa ameniamkia. Alikuja, akakaa katikati ya uani, akawaonyesha watoto nyundo kabla ya kuipiga, akagonga mara moja, akangoja. Ijumaa ya kwanza Kakule alibaki chini ya benchi. Ijumaa ya tatu alikuwa mlangoni. Ya tano alikimbia tena, tukarudi nyuma kabisa, na nilikata tamaa. Ya saba alikuja mpaka kwenye ubao, akauwekea mkono, na baba yake akagonga msumari upande wa pili, taratibu, jasho likimtiririka usoni kama aliyebeba gunia. Mkono wa mtoto haukuondoka.

Fundi alifunga vyombo vyake akaja kwangu. "Madame, bado sijakusamehe," akasema. "Lakini Ijumaa nitakuya tena."

Akaja, Ijumaa baada ya Ijumaa, mpaka mwaka ukaisha.

Nimemwangalia mtoto yule akikua kuliko nilivyowaangalia hata wangu, na nimejifunza kwake kwamba woga haukai mahali pamoja. Katika darasa la kwanza ulikuwa kwenye mwili: suruali, tumbo, usingizi. Darasa la pili ukapanda kinywani, akawa anauliza: ni mbali kiasi gani, watakuja na njia gani, tukikimbia nani atambeba bibi? Mjibuni mtoto wa namna hiyo. Maswali hayo ni dawa anayojitengenezea, na mkimnyamazisha mnaimwaga. Darasa la tatu na la nne ulikuwa kwenye ngumi. Alicheza vita, akampiga mwenzake na fimbo akimwita adui, na mwalimu wake akaja kwangu kusema mtoto ameharibika. Hakuwa ameharibika. Alikuwa amechoka kuwa yule anayelala chini ya mabati, akataka kuwa upande mwingine kidogo. Tulimpa kazi ya kupanga mstari wa watoto wadogo, na fimbo ikapungua. Darasa la tano akawa kimya, mrefu, mwenye kusaidia. Walimu wanampenda mtoto kimya. Mimi nilimwogopea zaidi mwaka ule kuliko mingine yote, nikawa ninamtuma huku na kule ili tu nimsikie akijibu.

Alinijibu kwa adabu siku zote. "Wavukire, Madame," salamu yetu ya asubuhi. Aliniheshimu, alinibebea vitabu. Lakini nikisema mvua itanyesha, alitoka akatazama mawingu.

Mwezi wangu wa mwisho kazini alikuwa darasa la sita. Asubuhi moja mwalimu wake alimtuma kwangu kuniletea chaki. Nilikuwa na wadogo, wengi wao wameingia wiki ile ile kutoka barabara ya Beni, bado hawajafanya Ijumaa hata moja. Kakule alikuwa mlangoni na kisanduku cha chaki mkononi wakati mlio ulipolia upande wa juu wa mji. Ta-ta. Kimya. Ta-ta-ta-ta.

Watoto walinigeukia wote pamoja. Msichana mmoja alianza kuvuta pumzi ya kupiga kelele. Nami, baada ya yote niliyowaandikia humu, nikajikuta nina uongo tayari kinywani: ni pikipiki, ekzosi imepasuka. Ulikuwa mzuri. Wangeuamini.

Nikamwona Kakule. Hakukimbia wala hakulala chini. Alikuwa amesimama pale pale, amejua mlio ule ni nini kabla yangu, na alikuwa ananitazama mdomo. Alikuwa anangoja nitasema nini.

"Ni masasi," nikasema. Sauti yangu ilitetemeka, nikaiacha itetemeke. "Iko mbali kidogo, lakini ni masasi. Miye niko naogopa. Tunalala chini sasa, kila moja akamate mwenzake."

Hakuna aliyepiga kelele. Walishuka kutoka kwenye mabenchi. Kakule aliweka kisanduku cha chaki chini, akafunga mlango, akaweka benchi nyuma yake, akaja kulala sakafuni katikati ya wadogo, mkono mmoja juu ya migongo miwili. Nililala karibu nao, shavu kwenye saruji.

Mlio ulilia tena, karibu zaidi. Kitoto kilichokuwa chini ya mkono wake kiliuliza kwa kunong'ona, kikimwita kaka, "Yaya, ni kweli ni masasi?"

"Ni kweli," Kakule akasema. "Madame hadanganye."

Maneno hayo nilikuwa nimeyangoja miaka sita, na nilipoyapata sikuweza kuinua uso kutoka sakafuni.